Hesabu ya Waliokufa Kabla ya Siku Zao

Wazee wa mataifa mengi wamezoea kusema kuwa mauti hayana upendeleo; kwamba humwita tajiri juu ya godoro lake kama yamwitavyo fukara juu ya mkeka wake, na mbele ya kaburi wote ni sawa. Msemo huu una faraja ndani yake, na labda ndiyo sababu umeishi muda mrefu. Lakini ni nusu ya kweli. Kwamba kila nafsi itaonja mauti, hapana mwenye shaka. Bali saa ya kuonja haikugawanywa kwa kipimo kimoja. Wako watu ambao kwa ajili ya mtaa waliozaliwa, kazi waliyopewa na rangi waliyoumbwa nayo, hufa miaka mingi kabla ya wenzao. Na wako ambao kwa sababu hizo hizo huishi na uzito wa moyo na maradhi ya akili pasipo mtu kuwaandika katika daftari lolote. Habari ya namna tofauti hii ilivyogunduliwa, ikafichwa, ikagunduliwa tena, ni habari ya daftari kuliko ya dawa. Palipokuwa na daftari dhuluma ilionekana. Pasipokuwa nalo, kimya kilidhaniwa kuwa ni afya.

Katika mji wa Paris, baada ya vita vya Napoleon kwisha, palikuwa na tabibu mmoja jina lake Louis-René Villermé. Alizaliwa mwaka 1782, akatumika jeshini kama mpasuaji, na aliporudi uraiani alivutwa na kazi ya kuhesabu kuliko kazi ya kutibu. Paris ya siku hizo iligawanywa katika wilaya 12 (mpango wa wilaya 20 ulikuja mwaka 1860), na serikali ya mji ilikuwa imekusanya na kupiga chapa hesabu za vifo na za nyumba za miaka ya 1817 hadi 1821. Matabibu walijua kuwa baadhi ya wilaya hizo zilizika watu wengi kuliko nyingine. Sababu walizozitoa zilikuwa za hewa na ardhi: ukaribu wa mto Seine na unyevu wake, upepo uvumao, mwinuko wa mahali, wingi wa watu katika eneo dogo. Elimu hiyo ilikuwa na umri wa miaka elfu mbili na zaidi, tena ilikuwa na heshima ya Wayunani wa kale nyuma yake.

Villermé alizichukua sababu hizo moja moja akazilinganisha na hesabu. Hapana hata moja iliyolingana. Ndipo alipoitazama orodha ya kodi. Nyumba za maskini zilisamehewa kodi, na kwa hiyo sehemu ya nyumba zilizosamehewa ilikuwa kipimo cha ufukara wa kila wilaya. Katika wilaya ya 2 nyumba za namna hiyo zilikuwa 7 katika kila 100, na kila mwaka alikufa nyumbani mtu 1 katika watu 62. Katika wilaya ya 12 zilikuwa 38 katika kila 100, na alikufa mtu 1 katika watu 43. Wilaya nyingine zilijipanga kati ya hizi mbili, karibu zote kwa zamu ya utajiri wao. Na msomaji akumbuke kuwa hesabu hiyo ilikuwa ya waliofia nyumbani. Waliofia hospitali aghalabu walikuwa maskini, basi tofauti halisi ilizidi ile iliyoandikwa.

Asidhaniwe kuwa Villermé alikuwa adui wa matajiri. Aliamini biashara huru kama walivyoamini wasomi wengi wa zama zake, na mara nyingi aliwalaumu vibarua kwa ulevi na uzembe. Hata hivyo, maelezo yake juu ya wafumaji wa pamba, sufu na hariri, yaliyotoka mwaka 1840, yalisaidia kuleta sheria ya Ufaransa ya mwaka 1841 iliyopunguza kazi za watoto viwandani. Hesabu yake ilikwenda mbali kuliko alivyotaka kwenda mwenyewe, na hilo ni jambo litakaloonekana mara kwa mara katika habari hii: namba huwa mkweli kuliko bwana wake.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Uingereza ilianza mwaka 1837 kuandikisha kwa sheria kila kifo, pamoja na sababu yake na kazi ya marehemu. Miaka mitano baadaye, katika 1842, mwanasheria Edwin Chadwick alitoa taarifa kubwa juu ya afya ya watu wafanyao kazi. Aliwagawa watu katika mafungu matatu: mabwana na wenye taaluma, wafanya biashara, na vibarua na mafundi, kila fungu pamoja na jamaa zao. Katika Liverpool wastani wa umri wa kufa wa mabwana ulikuwa miaka 35, na wa vibarua miaka 15. Katika Manchester mabwana 38, vibarua 17. Katika Rutland, ambayo ni nchi ya mashamba, mabwana 52, vibarua 38.

Namba hizi zinastahili kutazamwa polepole. Kibarua wa Rutland, ambaye ujira wake ulikuwa mdogo kuliko ujira wa mfumaji wa mjini, alifikia umri ule ule aliofikia bwana wa Manchester mwenye gari la farasi na watumishi. Kumbe utajiri haukuweza kununua hewa na maji ya shamba, na hewa ya shamba nayo haikuweza kumfikisha kibarua kwenye miaka 52 ya bwana wake wa Rutland. Mahali na daraja zilikuwa mizani mbili, na kila mtu alipimwa katika zote mbili kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Mtaalamu wa hesabu za bima, F. G. P. Neison, alionyesha mwaka 1844 kuwa wastani wa umri wa waliokufa hushuka mahali penye watoto wengi, hata kama afya ya mahali hapo si mbaya. Miaka 15 ya Liverpool haina maana kuwa vibarua walikufa wakiwa vijana wa miaka 15. Maana yake ni kwamba vitoto vingi mno vilizikwa kabla ya kuota meno ya pili, vikaushusha wastani wa wazazi waliobaki. Lakini kasoro hiyo haikuiondoa tofauti. Iliipunguza urefu tu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya sababu. Chadwick alikuwa mmoja wa watunga sheria ya mafukara ya mwaka 1834, iliyofanya msaada wa serikali uwe mchungu ili maskini waukimbie. Mtu wa namna hiyo asingependa kusikia kuwa njaa na ujira mdogo huua. Alisema uchafu ndio muuaji: taka, maji machafu, na harufu mbaya. William Farr, aliyezipanga sababu za vifo katika ofisi ya Msajili Mkuu, aliandika kuwa wako waliokufa kwa kukosa chakula. Chadwick alimpinga na kudai maelezo. Huko Edinburgh, tabibu William Alison alikuwa akifundisha kuwa homa huufuata ufukara, na kwamba mwenye njaa hawezi kuokolewa kwa ufagio. Chadwick ndiye aliyesikilizwa. Ilitungwa sheria ya afya ya mwaka 1848, na baada yake mifereji ikachimbwa. Mifereji hiyo iliokoa roho nyingi, na haifai kuidharau. Lakini ilichimbwa ili jambo lingine lisiguswe, nalo ni mshahara.

Serikali hiyo hiyo, iliyojifunza kumhesabu mtoto wa mfumaji katika Manchester, haikujisumbua sana kumhesabu mpagazi wake katika Afrika ya Mashariki. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, tangu mwaka 1914 hadi 1918, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakimfukuza Mjerumani kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma na ng'ambo yake, magari hayakuweza kupita na wanyama waliuawa na ndorobo. Mizigo ilichukuliwa na vichwa vya watu. Karibu watu milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika iliyotekwa, Nyasaland, Msumbiji, Kongo na kwingineko, walitiwa katika kazi hiyo, wengi wao kwa nguvu. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, katika kinywa cha Mswahili, likawa Kariakoo, na jina hilo limebaki sokoni Dar es Salaam na mtaani Nairobi, hata watu wanunuao vitunguu na vitenge hapo hawafikiri tena kuwa wanalitamka jina la msiba.

Wapagazi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea matoke walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusu kwa kuni mbichi chini ya mvua, na matumbo yao yakashindwa. Askari alipata viatu, blanketi na daktari kabla ya mpagazi. Ofisa alipata kabla ya askari. Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria walioichambua wanaona kuwa idadi ya kweli inakaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hapakuwekwa daftari la kutegemewa hata kidogo. Tofauti kati ya 40,000 na 100,000 si kosa la karani aliyesinzia. Ni watu walioandikwa kwa jina lisilo lao, au kwa jina la jumbe wao, au wasioandikwa. Na mishahara ya wengi wao haikulipwa kwa jamaa zao kwa sababu hapakuwa na jina la kuifuata. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hapa hata harusi haikuwako, kwa kuwa hakuna aliyejua ni wangapi.

Basi ikiwa kifo cha mwanamume mzima mwenye mzigo wa serikali kichwani kiliweza kupotea katika vitabu, si ajabu kuwa huzuni ya mwanamke aliyebaki shambani haikuingia vitabuni kabisa. Hapa ndipo habari ya mauti inapokutana na habari ya maradhi ya akili.

Nyumba za kuwatunzia wagonjwa wa akili zilikuwa chache mno katika nchi hizi. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka 1927. Nairobi ilikuwa na nyumba ya wendawazimu tangu mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, nayo ikapata jina la Mathari mwaka 1924. Zilikuwa nyumba za kufungia kuliko za kuponyea. Katika Mathari Mzungu alikuwa na upande wake, Mhindi wake, na Mwafrika wake, na vitanda, chakula na nafasi vilifuata utaratibu huo; tena Mzungu aliyezidiwa aliweza kusafirishwa Ulaya au Afrika ya Kusini, ilhali Mwafrika alilala pale pale katika msongamano.

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa daktari John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi ya tiba ya kawaida katika Kenya tangu 1929. Hakuwa amesomea maradhi ya akili alipoanza; alisoma baadaye. Alikuwa mtu mwenye bidii na mwandishi mzuri, na jambo hilo lilizidisha madhara. Aliwahesabu Waafrika waliopokelewa Mathari tangu 1939 hadi 1943, akaigawa hesabu hiyo kwa idadi ya watu wa Kenya, akapata kiasi kidogo sana kikilinganishwa na kile cha Uingereza au cha Wamarekani weusi wa Massachusetts. Fauka ya hayo, aliona kuwa ugonjwa wa huzuni nzito, ule unaomfanya mtu ajilaumu na kutamani kufa, ulikuwa haba mno miongoni mwao. Akahitimisha kuwa Mwafrika katika mila yake ana kinga dhidi ya wazimu, kwa kuwa hana mizigo ya uamuzi wa peke yake. Na kwamba hahuzuniki kama Mzungu kwa kuwa dhamiri yake haikukomaa vivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1953, kilichopigwa chapa na Shirika la Afya Duniani, alifika hatua ya kuifananisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Msomaji wa leo hukasirika kwa maneno hayo, na ana haki. Lakini hasira peke yake haionyeshi kosa lilipo. Kosa lilikuwa katika kugawanya. Kwa hesabu ya mwaka 1948 Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, na hospitali ya akili ilikuwa moja, karibu na mji mkuu. Nani alifika huko? Alifika yule aliyekamatwa na polisi kwa kupiga kelele njiani, kuvunja dirisha la dukani, au kutembea uchi mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Akapelekwa kwa hakimu, na hakimu akaandika hati. Mgonjwa wa Turkana au wa Mandera angehitaji safari ya siku nyingi ili ahesabiwe. Naye mwanamke wa Nyanza aliyezika watoto watatu, akaacha kupika, akaacha kuoga, akakaa nyuma ya nyumba akitazama chini, yeye hakuvunja dirisha la mtu. Hapana polisi aliyemtaka. Ndugu zake walimpeleka kwa mganga, au walimwacha. Kwa hesabu ya Mathari mwanamke huyo alikuwa mzima wa afya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini daktari alikisikiliza kwa sikio la polisi.

Ajabu ni kwamba ushahidi ulikuwa mikononi mwake. Carothers mwenyewe aliona kuwa waliofanya kazi mbali na makwao walikuwa wengi katika hospitali kuliko waliobaki katika maeneo yao. Hiyo ilikuwa wilaya ya 12 ya Villermé katika sura nyingine: mabweni ya vibarua, kipande shingoni, mshahara wa mtu asiye na mke wala watoto kwa mtu aliye nao wote. Angeweza kuuliza juu ya chumba, ujira na sheria. Badala yake alisema mila imevunjika, na kwamba ustaarabu ulikuwa mzito kwa akili isiyouzoea. Ni jibu lile lile la Chadwick, ila mahali pa uchafu pamewekwa mila. Na serikali ilipopatwa na vita vya Mau Mau ilimwomba mtu huyo huyo aeleze chanzo chake kwa elimu ya akili. Taarifa yake ya mwaka 1954 ilikitafuta chanzo hicho katika roho ya Mkikuyu zaidi kuliko katika ardhi ya Mkikuyu.

Waliomjibu hawakumjibu kwa matusi bali kwa kutoka nje ya lango la hospitali. Thomas Lambo, daktari wa Kinaijeria, alianza mwaka 1954 katika Aro, karibu na Abeokuta, kuwakalisha wagonjwa pamoja na jamaa zao katika vijiji vya jirani, na kushirikiana na waganga wa kienyeji. Akaona mengi ambayo daktari wa mlangoni hawezi kuyaona. Katika Ghana, Margaret Field, aliyekuwa daktari na pia mchunguzi wa mila, alikaa penye mahali pa kuagulia katika nchi ya Waashanti akaandika kila aliyefika. Kitabu chake cha mwaka 1960 kinaeleza habari za wanawake wengi waliokuja kujishtaki wenyewe kuwa ni wachawi, kwamba wameua watoto wao kwa nia mbaya ya moyo, na kwamba hawastahili kuishi. Huyu ndiye mgonjwa wa huzuni nzito aliyesemwa hayupo. Dhamiri yake ilikuwako. Ilizungumza lugha ya uchawi tu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka Uganda. John Orley, aliyekuwa ameishi na Waganda na kuandika juu ya namna wanavyoyaelewa maradhi ya akili, alishirikiana na John Wing wa London. Walikwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili, wakiuliza maswali yale yale yaliyoulizwa kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa kusini ya London. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1979, yalipindua hesabu ya Mathari juu chini: huzuni ya kiasi cha ugonjwa ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell. Miaka ishirini na sita tu ilikuwa imepita tangu kitabu cha Carothers. Watu hawakubadilika kiasi hicho katika miaka ishirini na sita. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mwenye kuhesabu.

Nchi tajiri zenyewe, ambazo zilikuwa na madaftari mengi, hazikuwa na sababu ya kujivuna. Katika Chicago, mwaka 1939, Robert Faris na Warren Dunham walionyesha kuwa wagonjwa wa wazimu mzito waliolazwa hospitali walitoka kwa wingi katika mitaa ya katikati ya mji, penye vyumba vya kupangisha na wageni wasiojuana, wakapungua kadiri mtu aelekeavyo nje kwenye nyumba za wenye nafasi. Katika New Haven, mwaka 1958, August Hollingshead na Fredrick Redlich waliona jambo baya zaidi: daraja ya mtu haikuhusiana na ugonjwa tu, bali na dawa. Tajiri alipata daktari wa kuzungumza naye kwa miezi. Maskini alipata umeme kichwani, au kitanda cha kukaa mpaka mwisho wa umri wake.

Uingereza nayo ilikuwa imeanzisha mwaka 1948 matibabu ya bure kwa wote, na wengi walidhani kuwa tofauti za Chadwick zimezikwa pamoja naye. Kamati ya daktari Douglas Black ilifukua kaburi hilo. Ilionyesha kuwa kati ya daraja ya juu na ya chini tofauti ya vifo ilikuwa bado kubwa, na katika mambo mengine imezidi. Serikali iliitoa taarifa hiyo mwezi wa Agosti 1980, karibu na siku ya mapumziko, nakala 260 tu, pasipo mkutano wa waandishi wa habari. Hivyo basi hata mwenye daftari anaweza kulifungia kabatini. Wakati huo Michael Marmot na wenzake walikuwa wakiwafuatilia makarani na wakubwa wa serikali katika London, wanaume zaidi ya 17,000, kazi iliyoanza mwaka 1967. Hawa si mafukara. Kila mmoja ana kiti, meza na pensheni. Hata hivyo waliokuwa daraja ya chini walikufa mara tatu hivi ya wale wa juu, na kati yao vifo vilipanda ngazi kwa ngazi kama vyeo vishukavyo. Hapo hoja ya uchafu ilikwisha. Hapana mfereji wazi katika ofisi za Whitehall. Ilibidi kuuliza juu ya mtu kutokuwa na amri juu ya siku yake mwenyewe, jambo ambalo kila mpagazi angeweza kulieleza kama angeulizwa.

Hata katika mji mmoja wa Glasgow na viunga vyake, mwanzoni mwa karne hii, mwanamume aliyezaliwa Calton alitazamiwa kuishi miaka 54, na wa Lenzie, kilomita chache tu kutoka hapo, miaka 82. Miongoni mwa vilivyokata miaka hiyo vilikuwa pombe, dawa za kulevya na kujiua. Mauti ya mapema na maradhi ya moyo ulioshindwa vilikuwa vimekaa nyumba moja.

Tanzania ilipata Villermé wake katika mwaka 1992, ingawa hakuwa mtu mmoja bali kundi la waganga na makarani wa Wizara ya Afya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle. Walichagua mahali patatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, penye kahawa, shule nyingi na zahanati za karibu, na vijiji vya Morogoro, vilivyokuwa maskini kuliko vyote. Kwa kuwa wengi walifia nyumbani pasipo cheti, walitumwa watu kwenda kwa wafiwa baada ya matanga kwisha, kuuliza marehemu aliumwa nini, kwa muda gani, na alipelekwa wapi. Kwa miaka mitatu walifanya hivyo. Walipojumlisha, waliona kuwa katika wanaume waliofika umri wa miaka 15, kama vifo vingeendelea kwa kiasi kile, ambao wasingefika 60 walikuwa 37 katika kila 100 huko Hai, 47 Dar es Salaam, na 58 Morogoro. Wanawake walikuwa 26, 45 na 48. Ukimwi ulikuwa muuaji mkubwa katika miaka hiyo, lakini haukuwa peke yake. Mwanamke wa Hai na mwanamke wa Morogoro walikuwa raia wa taifa moja, chini ya siasa moja iliyohubiri usawa kwa miaka 25 tangu Azimio la Arusha, na mmoja wao alikuwa karibu mara mbili ya mwenziwe katika hatari ya kutoona uzee.

Namna hiyo ya kuwauliza wafiwa iliokoa maelfu ya vifo visipotee kama vya wapagazi. Lakini iko aina moja ya kifo ambayo bado huiponyoka kalamu. Sheria za jinai ambazo Waingereza waliziacha Kenya, Uganda na Tanganyika zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Uingereza yenyewe iliifuta sheria ya namna hiyo nchini mwake mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, nayo makoloni yakabaki na nakala ya zamani. Katika Kenya kifungu hicho, cha 226, kilidumu mpaka mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kinapingana na Katiba. Kwa miaka yote hiyo aliyeokolewa kutoka kwenye kamba alikuwa na hospitali upande mmoja na polisi upande mwingine, na jamaa zake walijifunza kusema uongo kwa wote wawili. Dini nazo ziliongeza hofu ya maziko. Kwa hiyo mwulizaji afikapo penye nyumba iliyofiwa na kijana, akaketi juu ya mkeka aliotandikiwa, akafungua karatasi zake, huambiwa kwamba marehemu aliumwa kichwa siku mbili, au kwamba aliteleza kisimani alfajiri. Mama hutazama pembeni, mjomba hujibu kwa niaba ya wote, naye mwulizaji huandika alivyoambiwa.